Dola ya sayari 40 na jeshi lake la nchi kavu

Swali la msomaji: "Naandika riwaya kuhusu dola inayotawala sayari 40. Nimeipa jeshi la nchi kavu la askari milioni 10, na sura ya kwanza inaanza na divisheni 10 zikishuka kutoka angani pamoja na vifaru vyake kwenye sayari iliyoasi. Rafiki yangu aliyesoma rasimu amecheka. Anasema mwenye meli za kivita juu hana haja ya askari wa miguu, na hata akiwa na haja nao angetumia roboti. Je, dola ya namna hiyo ingehitaji kweli jeshi la nchi kavu? Na kama ingehitaji, lingekuwaje?"

Ingelihitaji, tena sana, ila si hilo ulilolichora wewe. Ulichonacho kwenye rasimu ni jeshi la mwaka 1944 lililopandishwa kwenye meli za anga. Rafiki yako amenusa kasoro, lakini ameitafuta mahali pasipo. Nianze na hoja yake, kwa sababu hutolewa kila mazungumzo ya aina hii yanapozuka, na nusu yake ni kweli tupu.

Chombo kinachoizunguka sayari ya ukubwa wa Dunia katika mzingo wa chini huenda kasi ya kilomita 7.8 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo kila kilo ya chuma, bila baruti wala nyuklia, hubeba nishati inayozidi mara saba ile ya kilo moja ya kilipuzi cha TNT. Hewa itakula sehemu ya kasi hiyo njiani, lakini pande kubwa la chuma litafika chini na nguvu za kutosha kubomoa daraja, kambi au kiwanda. Aliye chini, akitaka kujibu, sharti arushe kombora lipande dhidi ya uvutano, nalo litaonekana tangu linapowashwa. Mwenye nguvu mpishe, na katika vita vya sayari mwenye nguvu ni yule aliye juu. Hapo sina ubishi naye.

Anapoteleza ni pale anapofanya kubomoa na kutawala kuwa kitu kimoja. Jiulize dola yako inaitakia nini sayari hiyo. Kama ni madini, kuna mgodi, reli, bandari ya anga na watu wenye ujuzi wa kuviendesha. Kama ni kodi, kuna makarani, benki na daftari za mashamba. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopatikana kwa kukipiga kutoka juu. Meli ya kivita haiingii ofisini kukagua hesabu, haisimami kwenye kizuizi ikauliza vitambulisho, haimtii mtu pingu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na kilomita 400 juu ya kichwa ni mbali.

Mtu anaweza kunirudi kwa mfano wa Japani, iliyosalimu amri mwaka 1945 bila visiwa vyake vikuu kuvamiwa na jeshi la nchi kavu. Ni kweli, lakini tazama kilichofuata: kufikia mwisho wa mwaka huo huo Wamarekani zaidi ya 350,000 walikuwa wametandazwa nchini humo. Mabomu na meli viliwapatia karatasi ya kusalimu amri. Kuigeuza karatasi hiyo iwe utawala kulihitaji watu wenye viatu ardhini. Iweke namba hiyo akilini, tutaihitaji tena.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambapo riwaya nyingi za namna hii huanguka. Kuna kipimo kinachotajwa sana na wanaochunguza kazi ya kukalia nchi ya watu: askari 20 kwa kila wakazi 1,000. Mchambuzi wa Marekani James Quinlivan alikipa umaarufu mwaka 1995, na mwongozo wa jeshi la Marekani wa kupambana na uasi, wa mwaka 2006, ukataja 20 hadi 25. Ni kipimo cha kukadiria na kina wapinzani wake, ila kwa kazi yetu kinatosha. Sayari moja yenye watu bilioni 8 ingetaka askari milioni 160. Majeshi yote ya dunia yetu ya leo yakikusanywa uwanja mmoja, askari walio kazini hawafiki milioni 30. Wewe una milioni 10 kwa sayari 40, yaani 250,000 kwa kila moja. Wasambaze hao juu ya nchi kavu ya sayari kama Dunia, ambayo ni kilomita za mraba milioni 149, na kila askari atalinda karibu kilomita za mraba 600 peke yake, usiku na mchana, bila zamu. Hapo nimewahesabu hata wapishi na mafundi wa redio.

Kwa hiyo milioni 10 ni wachache mno kuzikalia sayari 40 kwa mabavu. Papo hapo ni wengi mno kubebwa, na hili la pili ndilo linaloamua sura ya jeshi lako kuliko jambo lingine lolote.

Wapangaji wa safari za anga huhesabu kwamba mtu mmoja hutumia karibu kilo 1.8 za chakula kwa siku pamoja na vifungashio vyake, na huvuta gramu 840 hivi za oksijeni. Wachukue askari 10,000, ambao ni divisheni ndogo, uwasafirishe miezi sita. Chakula chao peke yake kinazidi tani 3,200. Roketi ya Saturn V, ile iliyowapeleka watu mwezini, ikiwa imejaa mafuta pomoni ilikuwa na uzito wa tani 2,900 na ushei. Na bado hujapakia risasi hata moja.

Wakishashuka ndiyo kwanza matumizi yanaanza. Barani Ulaya mwaka 1944, divisheni ya Marekani iliyokuwa vitani, pamoja na vikosi vilivyoiunga mkono, ilikadiriwa kutumia tani kama 650 kwa siku: mafuta, risasi, chakula, vipuri. Divisheni zako 10 kwa siku 30 ni tani 195,000. Meli zako zinashusha tani ngapi kwa siku, na kupitia mlango gani? Swali hilo litakufaa kuliko kurasa mia za maelezo ya silaha. Ndiyo sababu jeshi linaloshuka halikimbilii ikulu ya mwasi. Linakimbilia bandari: uwanja wenye sakafu ngumu, matangi ya mafuta, kreni, na barabara ya kutokea. Mwaka huo huo wa 1944 Waingereza waliingia Antwerp, bandari kubwa ya Ubelgiji, tarehe 4 Septemba wakakuta gati zake karibu zote nzima, lakini njia ya maji ya kuifikia kutoka baharini ilikuwa bado mikononi mwa Wajerumani. Meli za mizigo zilianza kuingia tarehe 28 Novemba. Karibu miezi mitatu majeshi yaliyokuwa yakielekea Ujerumani yakawa yanapimiwa mafuta, na bandari wanayo.

Kisa kimoja ningekushauri ukisome kwa kina kabla hujagusa tena sura ya kwanza. Tarehe 7 Agosti 1942 askari wa Marine wa Marekani walishuka Guadalcanal, kisiwa cha Pasifiki ambako Wajapani walikuwa wakijenga uwanja wa ndege. Usiku wa kuamkia tarehe 9 meli za Japani ziliwavizia karibu na kisiwa cha Savo, na washirika wakapoteza meli kubwa nne za kivita. Aliyekuwa na dhamana ya meli za mizigo akaona hawezi kukaa pale tena. Jioni yake akang'oa nanga, na sehemu kubwa ya shehena ikiwa bado tumboni mwa meli. Nchi kavu wakabaki watu kama 11,000 wakitazama bahari tupu. Seng'enge haikutosha. Mashine nzito za ujenzi ziliondoka na meli. Chakula kilipunguzwa kuwa milo miwili kwa siku, na sehemu ya milo hiyo ilikuwa wali wa mchele walioukuta kwenye maghala ya Wajapani. Uwanja wenyewe waliumalizia kwa mashine alizoziacha adui.

Hamishia hilo kwenye riwaya yako. Askari wameshuka siku mbili zilizopita. Meli za waasi zinachomoza kutoka nyuma ya mwezi wa sayari. Admirali anapiga hesabu kwamba meli hujengwa kwa miaka na askari hupatikana kwa miezi, anaondoka. Hapo unaanza kuona ni nani hasa aliyeamua vita: ofisa aliyepanga shehena. Kilichotangulia kuingia melini hutoka mwisho. Kama jenereta ziliwekwa chini kabisa na mahema juu yake, hospitali ya kambi ina mahema mia mbili na haina taa.

Kushuka kwenyewe nako si mchezo. Gari zito kuliko yote ambayo binadamu ameyateremsha Mirihi ni Perseverance, mwaka 2021, lenye uzito wa tani moja hivi. Lilihitaji ngao ya joto, parachuti ya upana wa mita 21.5, na mwishoni chombo cha roketi cha kulishusha kwa kamba, maana hewa ya Mirihi haifiki asilimia moja ya yetu na parachuti peke yake haitoshi kukizuia chombo. Kifaru cha Marekani aina ya Abrams kinazidi tani 60. Sisemi haiwezekani, ulimwengu ni wako. Ila kila kifaru unachokishusha kimechukua nafasi ya tani 60 za kitu kingine. Ningekuwa mimi, ningeshusha mafundi, mashine za kuchimba, makombora ya begani na droni, kisha magari mazito nikayatafuta hapo hapo sayarini.

Na askari mwenyewe je? Mwili unaoishi bila uvutano hupoteza karibu asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi, na wanaanga hufanya mazoezi kama saa mbili kila siku ili tu wasidhoofu kupita kiasi. Wakirudi baada ya nusu mwaka hutolewa chomboni wakishikwa mikono. Hebu waza platuni ya watu 30 waliosafiri hivyo. Mlango unafunguka. Wa kwanza anageuza kichwa kutazama kushoto, na mazingira yote yanazunguka naye. Anatapika ndani ya barakoa. Wa pili anainuka na mkoba wa kilo 30, magoti yanakataa. Wa tatu anaiachia bunduki hewani pembeni yake, kama alivyozoea kwa miezi, ili afunge mkanda, nayo inaanguka kwa kishindo. Mzee mmoja mwenye gobore anaweza kuwamaliza. Kama meli zako hutengeneza uvutano kwa kuzunguka, taja tu kwamba mzunguko uliongezwa polepole, wiki kadhaa kabla, ulingane na uvutano wa sayari wanakokwenda. Sentensi moja ya hivyo inamtosha msomaji makini.

Ukishauona ugumu wa kubeba, jibu la swali lako linajileta. Sehemu kubwa ya jeshi la dola ya nyota haitasafiri kabisa. Itaandikishwa kwenye sayari ile ile au ya jirani, itakula chakula cha huko, itapumua hewa ya huko, na risasi zake zitatengenezwa huko. Kutoka makao makuu watakuja maofisa wachache, wakaguzi, na kikosi kidogo cha kutegemewa. Dola nyingi kubwa zilizotawala mbali zilifanya hivyo kwa namna moja au nyingine, na zote zilihangaika na hofu ile ile: itakuwaje hawa wakitugeuzia silaha?

Roma ina mengi ya kukufundisha hapa. Kaisari wake wa kwanza, Augustus, alibakisha legioni 28 hivi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 9 baada ya Kristo tatu kati yake ziliangamizwa msituni Teutoburg, Ujerumani, zikabaki 25, kila moja na watu kama 5,000, wote raia wa Roma. Pembeni yao kulikuwa na vikosi vya wasaidizi wasio raia, na idadi yao ilikuwa karibu sawa na ya legioni. Jumla yake ni robo milioni na kidogo, kwa dola inayokadiriwa kuwa na watu milioni 50 au zaidi. Ni kama askari 5 kwa kila watu 1,000. Sasa irudie ile namba ya Japani: watu milioni 72 hivi, Wamarekani 350,000. Ni 5 tena, robo ya kile kipimo cha 20.

Sababu ni kwamba katika nchi zote mbili wenyeji ndio waliendelea kuendesha shughuli za kila siku. Roma iliyaacha mabaraza ya miji yakusanye kodi. Wamarekani walitawala kupitia serikali ya Japani yenyewe, na mfalme wake alikuwa amekwisha kuwaambia watu wake vita vimekwisha. Kwa hiyo kabla hujaamua ukubwa wa jeshi lako, amua nani anaiendesha sayari asubuhi ya siku ya kawaida. Sayari yenye mabwana, mabaraza au makampuni yanayonufaika na dola itatulizwa na askari wachache. Sayari ambayo umelifyeka tabaka lake lote la viongozi itayameza majeshi yako yote, na bado usiku njia za treni zitang'olewa.

Hapo namba yako inaokoka, na nakiri imenifurahisha. Askari 250,000 kwa sayari, kwa kipimo cha 5 kwa 1,000, wanafaa watu milioni 50. Zifanye sayari zako ziwe makoloni yenye wastani wa watu milioni 50 badala ya mabilioni, ziwe na watawala wenyeji, na milioni 10 yako inasimama. Ila ndani ya hao milioni 10, wanaoweza kupandishwa melini na kupelekwa kwingine wasizidi watu 50,000 au 60,000 kwa dola nzima. Divisheni 10 za sura ya kwanza zipunguze ziwe tatu, nazo ziwe ndizo akiba yote aliyonayo mfalme. Akizipoteza hana nyingine.

Kwa nini kijana wa sayari iliyotekwa ajiunge na jeshi lililomteka? Msaidizi wa Kirumi alitumikia miaka 25, na akimaliza alipata uraia. Uthibitisho wake ulikuwa vibao viwili vidogo vya shaba vilivyofungwa pamoja kwa waya, na juu ya waya mihuri ya mashahidi saba. Maneno yaliandikwa mara mbili, nje na ndani, ili mtu akishuku kwamba ya nje yamechezewa, mihuri ivunjwe na ya ndani yasomwe. Vibao hivyo vimefukuliwa kwa mamia. Kipe kitu cha namna hiyo kizee kimoja katika riwaya yako, akiweke mahali ambapo wajukuu hawaruhusiwi kugusa, na hutahitaji kueleza siasa za dola.

Hofu ya kugeuziwa silaha Roma iliitibu kwa kuwapeleka watu mbali na kwao. Wapiga mishale wa kutoka Syria walilinda ukuta wa Hadrian, kaskazini ya Uingereza, kwenye ukungu na baridi. Palipolegezwa, mambo yaliharibika. Wabatavi, watu wa maeneo ya mdomo wa mto Rhine, walikuwa na vikosi vyao chini ya wakuu wao wenyewe. Mwaka 69 mmoja wa maofisa hao, Julius Civilis, aliongoza uasi ulioteka hata kambi za legioni. Waingereza nchini India walichukua njia nyingine. Baada ya uasi wa 1857 walipanga kuwe na Mwingereza mmoja kwa kila askari wawili wa Kihindi, au karibu na hapo, na mizinga karibu yote, isipokuwa midogo ya milimani, ikaondolewa mikononi mwa Wahindi.

Kwa dola yako, mizinga hiyo ni meli zilizo juu. Wenyeji wape bunduki, malori, hata vifaru ukipenda. Mzingo usiwape. Hapo hoja ya rafiki yako inapata kazi yake halisi: meli haziwezi kuchukua nafasi ya askari wa miguu, lakini zinawezesha kumwamini askari mwenyeji, kwa kuwa anajua nani yuko juu ya kichwa chake.

Jambo jingine linaloliumba jeshi hili ni muda wa habari kusafiri, na hukuniambia meli zako zinakwendaje. Nyota iliyo jirani zaidi ukiondoa Jua, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka ya nuru 4.2. Kama katika ulimwengu wako hakuna kinachoipita nuru, basi ugumu ni wa aina nyingine kabisa. Askari anayekwenda umbali wa miaka ya nuru 10 na kurudi, kwa asilimia 99 ya kasi ya nuru, yeye ataongezeka umri usiofika miaka mitatu, na nyumbani itakuwa imepita 20. Mshahara wake ukokotolewe kwa saa ya nani? Mimi ningeandikisha ukoo mzima, wasafiri na watoto wao na mafundi wao, wasiwe na mtu wa kumwacha nyuma.

Lakini nadhani umejipa njia ya mkato, kama waandishi wengi. Vyema, ila ipe muda, iwe wiki sita au miezi mitatu. Waingereza na Wamarekani walipigana New Orleans tarehe 8 Januari 1815, ilhali wajumbe wao walikuwa wametia saini mkataba wa amani mjini Ghent tangu tarehe 24 Desemba 1814. Habari ilikuwa bado baharini. Kamanda aliye mbali hivyo hawezi kuomba ruhusa. Inabidi apewe mamlaka ya kuanza vita, kupatana, kutoza na kunyonga. Magavana wa Hispania katika Amerika walikuwa hata na kauli rasmi ya kuipokea amri ya mfalme isiyofaa: natii, lakini sitekelezi. Mtu mwenye mamlaka ya hivyo na askari wanaolipwa kwa mkono wake ni nusu mfalme tayari. Mwaka 69, ule ule wa Wabatavi, Roma ilikuwa na makaisari wanne, na wawili kati yao, Vitellius na Vespasian, walitangazwa na majeshi yaliyokuwa mikoani.

Kwa sababu hiyo usiliandike jeshi lako kama mashine iliyolainishwa vizuri. Mfalme mwenye akili analitaka liwe zito kidogo. Mamlaka ya kila sayari angeyagawa kwa watu watatu wasiopatana: gavana mwenye fedha, jenerali mwenye askari, admirali mwenye mzingo, kila mmoja akipeleka taarifa yake makao makuu kwa njia yake. Roma nayo, kuanzia enzi za kaisari Diocletian, kwa sehemu kubwa iliutenga ugavana na ukamanda. Jeshi la mpango huo hupigana vibaya. Risasi zinachelewa kwa sababu gavana hajaidhinisha malipo. Meli hazipigi shabaha jenerali anayoitaka kwa sababu admirali anasubiri aombwe kwa maandishi. Watu watakufa kwa ajili ya ugomvi huo wa karatasi, na mfalme atauona kuwa ni gharama nafuu. Binafsi naona riwaya yako iko hapa zaidi ya kwenye vifaru.

Kumbuka pia kwamba kupanda kutoka sayari ni ghali kuliko kushuka. Askari aliyemaliza muda wake humrudishi nyumbani kwa urahisi, unampa shamba. Mwaka 49 Roma iliwapa wastaafu wake makazi Camulodunum, ambayo ni Colchester ya leo nchini Uingereza. Waliwafukuza wenyeji kwenye nyumba na mashamba na kuwaita mateka na watumwa. Boudica, malkia wa kabila moja la wenyeji, alipoinuka, mwaka 60 au 61, mji huo ulichomwa kabla ya mingine, na wanajeshi waliojifungia ndani ya hekalu walidumu siku mbili tu. Kama bado unatafuta chanzo cha uasi wa sayari yako, hiki kina uzito kuliko kodi, na kinakupa wazee wenye nishani kama wahanga wa kwanza.

Kuhusu silaha nitakuwa mfupi. Chagua zile ambazo fundi wa kawaida wa sayari yenye kiwanda cha chuma anaweza kuzitengeneza na kuzirekebisha, kwa sababu ya zile tani na ule mlango wa kuzishushia. Ziwe na risasi za kipimo kimoja dola nzima. Na usisahau vichujio vya hewa: pale ambapo mgeni hawezi kupumua bila barakoa na mwenyeji anaweza, siku ambazo mgeni anaweza kupigana zinahesabiwa kwa idadi ya vichujio ghalani, na mwenyeji anajua ghala liko wapi.

Zimebaki roboti. Hazivuti oksijeni, magoti yake hayalegei, hazidai shamba wala uraia, kwa hiyo rafiki yako hakosei kuzitamani. Lakini zinataka vipuri, na kiwanda cha vipuri ama kiko mbali, tukarudi kwenye shehena, ama kiko hapo sayarini mikononi mwa wenyeji. Tena zinataka amri. Amri inayochukua miezi mitatu haifai vitani, kwa hiyo msimbo wa kuziamuru atakuwa nao mtu aliye pale pale, na mtu huyo ni jenerali. Jeshi la watu likiambiwa limpindue mfalme, wengine watakataa, wengine watatoroka, na sajenti mmoja atamnong'oneza gavana. Jeshi la roboti litageuka lote kwa mara moja, saa ile ile, bila hata moja kusita. Mfalme wa sayari 40 anayelijua hilo angeziruhusu zibebe mizigo na kutegua mabomu, bunduki akaziacha kwa watu. Na ukitaka jenerali wako awe mtu wa kuogopwa, mfanye awe wa kwanza kuomba kibali cha kuziagiza roboti zenye silaha, kwa sababu nzuri kabisa, zilizoandikwa vizuri, za kuokoa maisha ya askari wake.